Kuhutubia mkutano wa kijiji: mwongozo kwa kiongozi anayetaka kuaminiwa

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa kijiji, mtaa au kitongoji, diwani, mwenyekiti wa ushirika, na mjumbe wa kamati ya maji au ya shule ambaye siku chache zijazo atasimama mbele ya watu wanaomfahamu. Hilo la kumfahamu ndilo zito. Mgeni anayekuja na msafara anaweza kusema jambo zuri, akapigiwa makofi, akaondoka. Wewe unabaki. Utakutana na waliokusikia kisimani, msibani na mashineni, na mwenye shaka na kauli yako atatembea robo saa tu kwenda kuhakikisha kama tangi limejengwa kweli. Ndiyo maana hotuba ya kijijini ni ngumu kuliko ya uwanjani, na kwa sababu hiyohiyo ina nguvu kuliko ya uwanjani. Watu huamini, na baadaye hushika majembe, kwa yale wanayoweza kwenda kuyaona kwa macho yao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hotuba hutengenezwa kabla hujashika maiki.

Hatua ya 1: Fungua daftari la mihutasari

Mwombe afisa mtendaji muhtasari wa mkutano uliopita. Kaa nao, orodhesha kila ahadi iliyotolewa: nani aliahidi, aliahidi nini, ingetimia lini. Weka ahadi zako, za mtangulizi wako kama umerithi ofisi, na hata zile za wageni, kwa sababu wananchi hawatofautishi sana. Wewe ndiwe uliyekaa pembeni ya mgeni ukitikisa kichwa kukubali. Mbele ya kila ahadi andika mojawapo ya haya: imetimia, imekwama, haijaanza. Usijiruhusu kuandika "inaendelea". Neno hilo limezika miradi mingi, na kila anayelisikia mkutanoni anajua linafunika nini.

Kwa Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Pale mikutano inapofuata ratiba, ahadi hazijapoa na kazi yako ni nyepesi. Pale iliporukwa mwaka mzima, usitegemee kuhamasisha mtu yeyote siku ya kwanza. Mkutano huo ni wa kutoa hesabu na kusikiliza, basi. Uhamasishaji utapata nafasi yake mkutano unaofuata.

Hatua ya 2: Tangulia wewe

Kama utaomba mchango, lipa wa kwako kwanza, uwe na risiti. Kama utaita watu kuchimba mtaro, uwe umeshachimba kipande cha kwako. Kama utazungumzia kuzuia mifugo isiingie mashambani, ng'ombe wako wasiwe wamelala juzi kwenye mahindi ya jirani.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni wa Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, akakasirika, na palepale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi walirudishwa makwao, adhabu ambayo mimi naiona ilikuwa kali mno. Lakini tazama mpangilio wa matukio. Februari 1967 lilipokuja Azimio la Arusha, lenye siasa ya ujamaa na kujitegemea na miiko yake ya uongozi, yule aliyewataka viongozi wenzake waishi kwa kiasi alikuwa ameshaanza na mfuko wake. Hata aliyepinga siasa ile hakuweza kumwambia kwamba anawatwika wengine mzigo asioubeba.

Wewe huna mshahara wa urais wa kupunguza. Una posho ya kikao. Kama fedha za mradi zimepungua na kamati bado inalipana posho kamili, acha kuandaa hotuba, shughulikia posho kwanza.

Hatua ya 3: Nenda ukaone

Siku mbili kabla ya mkutano, tembelea kila kitu utakachokitaja. Fungua bomba mwenyewe. Hesabu madawati. Ongea na fundi, pia na mama anayeishi jirani na mradi, maana yeye anajua fundi alikuja siku ngapi. Taarifa ya kuletewa mezani ina tabia ya kupakwa rangi njiani. Na ukisimama useme "jana saa kumi nilikuwa pale kwenye kituo cha maji cha juu, koki mbili kati ya nne hazitoi maji", watu watanyamaza. Wanajua ni kweli, na wanajua hukuambiwa na mtu.

Hatua ya 4: Chagua jambo moja la kuwatuma

Mkutano unaweza kuwa na ajenda sita. Hotuba yako iwe na ombi moja. Ukiwaomba mchango wa zahanati, kufyeka barabara, kuandikisha watoto shule na kulinda chanzo cha maji kwa mkupuo, wataondoka wakikumbuka kwamba mwenyekiti aliongea sana.

Hatua ya 5: Tengeneza hesabu inayosikika

Hapa ndipo viongozi wengi wazuri huanguka, na kwa kawaida si kwa sababu ni wezi. Ni kwa sababu wanasoma mapato na matumizi kama orodha ndefu, kwa sauti ya haraka, kwa watu waliokaa juani. Asiyeelewa hesabu hatasema hajaelewa. Atasema fedha zimeliwa.

Tuseme kijiji chako kina kaya 240 na mliafikiana kila kaya itoe shilingi 10,000 kwa ajili ya bomba. Iseme hivi:

"Ndugu zangu, kaya zetu ni 240. Kila kaya ilitakiwa itoe elfu kumi. Wote tungelipa, tungekuwa na milioni mbili na laki nne. Zimelipa kaya 171. Tumepata milioni moja, laki saba na elfu kumi. Tumenunua mabomba kwa laki tisa na elfu themanini. Saruji na mchanga, laki tatu na elfu kumi na tano. Fundi tumemlipa laki mbili na nusu. Jumla tumetumia milioni moja, laki tano, arobaini na tano elfu. Zimebaki laki moja na elfu sitini na tano. Ziko benki. Risiti hizi hapa, anayetaka kuziona aje mezani tukimaliza."

Angalia kilichofanyika. Tarakimu zimeanza na kitu ambacho kila mtu anakijua, yaani kaya na elfu kumi yake mwenyewe. Zimefuatana kwa mpangilio ambao msikilizaji anaweza kuujumlisha kichwani. Na mwisho zimefika mahali panaposhikika: kiasi kilichobaki, kilipo, na ushahidi wake. Ziandike pia kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, uzibandike ukutani kabla watu hawajafika. Wapo watakaozisoma, watawaelezea wenzao, na maelezo ya jirani huaminiwa haraka kuliko ya kiongozi.

Kaya 69 hazijalipa. Je, uyasome majina? Wengi watakushauri usome. Mimi nakataa. Miongoni mwa hao yupo mjane, yupo aliyeuguza mwezi mzima, na pia yupo mkaidi mwenye maduka mawili. Ukiwasoma kwa pamoja umewaonea wawili ili kumwaibisha mmoja, na mkutano utakuwa upande wao. Taja idadi kwa kila kitongoji, halafu wenyeviti wa vitongoji wakawaone watu nyumbani kwao.

Hatua ya 6: Anza kwa wakati, na anza na gumu

Kuwaweka watu saa mbili chini ya mwembe wakikusubiri ni hotuba tosha, na si ile uliyoikusudia. Epuka siku ya gulio, epuka muda wa sala ya Ijumaa na wa ibada ya Jumapili, na msimu wa kupalilia uite mkutano jioni. Kama utatumia spika, ijaribiwe kabla. Kama hakuna spika, waombe watu wasogee, usimame wanapokuona wote, na umwangalie mtu wa safu ya mwisho unapoongea, sauti itamfuata.

Salamu ziwe fupi. Wapo Waislamu, wapo Wakristo, wasalimie wote, kisha wape wazee heshima yao. Baada ya kusema itifaki imezingatiwa, basi iwe imezingatiwa kweli. Usianze tena kutaja mgeni mmoja mmoja. Na salamu za chama ziache nje. Ule ni mkutano wa kijiji, mchango wa maji umetolewa na wa chama chako na wa chama kingine, na kaulimbiu moja ya chama inatosha kuwafanya theluthi ya watu wafunge masikio kabla hujafika kwenye hoja.

Halafu sema lile gumu, ndani ya dakika tano za mwanzo. Tangi limepasuka, sema tangi limepasuka. Kila mtu pale tayari analijua, amekuja kuona kama utalitaja. Ukilitaja wewe, habari ni yako na unaweza kuieleza sababu yake na dawa yake. Ukingoja litajwe na kijana wa nyuma kwa hasira, utatumia muda uliobaki kujitetea.

Namna ya kulisema ina uzito wake. "Ilijitokeza changamoto katika ununuzi" haina mwenyewe. "Kamati yetu ilinunua mabomba ya inchi moja, fundi alikuwa ameshauri inchi moja na nusu, na mimi nilisaini" ina mwenyewe, na inasikika kuwa ya mtu mzima. Jifunze kusema nilifanya, tulikosea, nimeshaagiza. Kuficha mtendaji ni desturi ya ripoti za ofisini, na huko ibaki.

Hatua ya 7: Jenga hoja kabla ya kauli ya kukumbukwa

Kila kiongozi anatamani kauli itakayobaki midomoni mwa watu. Watanzania wengi, hata waliozaliwa baadaye sana, wanaijua ile ya Novemba 2, 1978, Mwalimu alipowahutubia wazee wa Dar es Salaam na taifa zima likamsikia redioni: kwamba uwezo wa kumpiga adui tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Viongozi wanaiiga mpaka leo, mara nyingi kwa mambo madogo, nayo inaanguka mikononi mwao.

Inaanguka kwa sababu wanachukua paa na kuacha kuta. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera na Amin ametangaza kuwa ardhi ya kaskazini mwa mto ni ya Uganda. Mwalimu alianza kwa kuwaeleza wananchi kilichotokea. Alipofika kwenye yale maneno matatu, sababu ilikuwa imeshakaa vichwani mwa watu, kilichobaki ni kuipa jina. Tena kila neno lilijibu swali halisi ambalo mtu aliyekuwa ukumbini angejiuliza: tutaweza? kwa nini tupigane? mmedhamiria kweli?

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kauli, andika maswali matatu ambayo wananchi wako wanajiuliza kuhusu ombi lako. Kwa bomba la maji yanaweza kuwa: fedha zetu za kwanza zilikwenda wapi, kwa nini tuongeze, na safari hii nani atazisimamia? Yajibu kwa urefu unaohitajika. Kauli fupi ikija yenyewe mwishoni, vema. Isipokuja, hakuna kilichopotea.

Vivyo hivyo kwa mifano. Mwaka 1995, akizungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam, Mwalimu aliifananisha nchi na nyumba iliyopitiwa na tetemeko ambalo limeonyesha nyufa kwenye kuta zake. Hakuishia kwenye mfano. Alizitaja nyufa moja baada ya nyingine, zikiwemo Muungano, kutojali sheria, rushwa, ukabila na udini, na kila moja akaieleza. Picha moja, ikabebeshwa kazi nzima. Wewe pia chagua moja tu, itoke kwenye kitu ambacho watu wako wanakishika kila siku, na uitumie kuelezea. Methali nne mfululizo ni pambo, wasikilizaji watatabasamu wasijue uliwataka wafanye nini.

Kuhusu lugha: Kiswahili chepesi, sentensi fupi, na nyamaza kidogo baada ya jambo zito. Kama wapo bibi na babu wasiofuata vizuri Kiswahili, weka mtu awatafsirie kwa lugha yao pale pale, tena kwa sauti, asinong'one. Kufanya hivyo huchelewesha mkutano, na muda huo haupotei bure.

Hatua ya 8: Ahidi kwa kipimo, na tu kile kilicho mikononi mwako

Ahadi kamili ina vitu vitatu: kazi, tarehe na jina la mhusika. "Koki mbili za kituo cha juu zitabadilishwa kabla ya tarehe 15, msimamizi ni mwenyekiti wa kamati ya maji, huyu aliyesimama hapa." Mwite asimame aonekane.

Uangalifu unahitajika kwenye tarehe. Baada ya vita ya Kagera, mwaka 1979, wananchi waliombwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Waliufunga. Lakini hali ya uchumi ilitegemea mambo mengi yaliyokuwa nje ya uwezo wa nchi, bei ya mafuta duniani ikiwa mojawapo, na dhiki ikaendelea ndani ya miaka ya 1980, foleni za sukari na sabuni zikawa sehemu ya maisha. Watu wa umri ule bado wanaitaja ile miezi 18. Idadi iliyotajwa na kiongozi haisahauliki, na ikipita bila maelezo huchimba shimo ambalo hotuba kumi nzuri hazilijazi.

Basi tenganisha waziwazi. Kinachotegemea kijiji, toa tarehe. Kinachotegemea halmashauri ya wilaya au wizara, usitoe tarehe ya kukamilika, toa tarehe ya hatua yako wewe: "Barua itafika kwa mkurugenzi Jumatatu, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa itabandikwa hapa." Na tarehe yoyote ikikaribia kupita kabla kazi haijaisha, tangulia kuwaambia watu kabla haijapita, hata kwa ujumbe tu kwenye kundi la WhatsApp la kijiji na tangazo msikitini na kanisani.

Hatua ya 9: Pokea maswali moja moja

Kuna mazoea ya kukusanya maswali matatu au matano kisha kuyajibu kwa pamoja. Yaache. Kila mtu ameshagundua kwamba kiongozi hujibu mepesi mawili na lile zito linapotea katikati. Swali moja, jibu moja, mtendaji anaandika.

Wanaume wa mbele watataka kumaliza muda wote. Tangaza mapema kwamba baada ya kila mwanaume atafuata mwanamke, kisha simamia hivyo hata kimya kikitanda kidogo. Kwenye suala la maji, zahanati au unga wa shule, wanaobeba ndoo na watoto ndio wenye taarifa, na mara nyingi ndio waliokaa mwisho kabisa.

Akisimama mtu kwa ukali, mwache amalize. Usimkatishe, usimuulize analipa michango kiasi gani, wala usimwite mpinzani wa maendeleo. Rudia hoja yake kwa maneno yako, kwa haki, kiasi kwamba mwenyewe akubali ndivyo alivyosema. Kisha jibu. Kama ana haki, mwambie ana haki. Mkutano mzima unakutazama wewe wakati huo, wakipima itakuwaje siku wao wakija na lao.

Usilolijua, sema hulijui, taja utamuuliza nani na utaleta jibu lini. Mtendaji aliandike hapohapo, mbele ya macho yao.

Hatua ya 10: Wape kazi watakayoianza kesho

Kuhamasisha si kupandisha sauti. Ari huja mtu anapoona kwamba nguvu zake zitaingia mahali fulani na hazitapotea. Ndiyo maana wito wa harambee aliouvumisha Jomo Kenyatta, Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, uliweza kujenga shule nyingi: neno lilikuja pamoja na tofali, mbao, siku ya kukutana na kiwanja. Na pale baadaye michango ya harambee ilipogeuka jukwaa la wanasiasa kuonyeshana ukwasi, ari ya mwenye shilingi chache ikafifia.

Kwanza wakumbushe walichokwisha kufanya kwa mikono yao, kwa undani. Darasa lile la kwanza, nani walisomba mawe, wazee gani waliopo hapa walifyatua matofali. Wasimame wapigiwe makofi. Hayo si maneno ya kuwapamba. Ni ushahidi kwamba kijiji hiki kinaweza. Kisha toa ombi lako moja kwa vipimo: mtaro wa mita 600, vitongoji vitatu, kila kitongoji mita 200, kuanzia Jumamosi saa moja asubuhi, kila mmoja na jembe au sepetu yake, uji utapikwa na kamati. Asiye na nguvu za kuchimba ana kazi gani? Mtajie: kuchota maji, kuandika mahudhurio, kulea watoto wa wachimbaji. Ukiacha watu nje ya kazi, umewaacha nje ya hotuba.

Funga hapo. Waulize wanaoafiki wanyooshe mikono, mtendaji ahesabu, mkutano ufungwe.

Hatua ya 11: Kazi ya baada ya mkutano

Ndani ya siku tatu, bandika kwenye ubao wa matangazo ukurasa mmoja wenye maazimio, tarehe na majina, pamoja na maswali ambayo hukuyajibu. Jumamosi saa moja kasoro robo uwe mtaroni na jembe, kabla ya mtu mwingine. Jioni yake bandika mita zilizochimbwa na kila kitongoji. Yale majibu uliyoahidi kuyatafuta, yalete siku uliyosema, hata kama jibu ni kwamba hakuna fedha. Halafu panga tarehe ya mkutano wa robo inayofuata, uiandike chini ya ukurasa huohuo.